Siku moja na seva ya kori 32

Saa 2:10 asubuhi. Ujumbe wa kwanza unanikuta hata kiti sijakivuta: "Hii seva mpya mbona nzito kuliko ile ya zamani?" Mpya ina soketi mbili, yaani prosesa mbili, kila moja ikiwa na kori 16, vitengo vinavyofanya kazi sambamba. Ya zamani ilikuwa na kori 8 tu. Naandika `uptime`, wastani wa mzigo, yaani kazi zinazoendeshwa au kusubiri zamu, ni 6. Kwa kori 32, hiyo ni mashine iliyolala fofofo, na grafu ya matumizi ya prosesa inasema vivyo hivyo. Mimi na wastani hatupatani. Kori moja ikizidiwa kabisa kati ya 32, grafu inapanda kama asilimia 3, na nani atashtuka?

Saa 2:40. `mpstat -P ALL 1`, kori zinajitokeza moja moja. Kori 0: safu ya %soft, muda unaoishia kwenye kazi za makatizo, imefika 97. Nyingine zinapiga miayo. Nafungua /proc/interrupts, faili lenye mstari kwa kila katizo (ishara ya kifaa kuomba kuhudumiwa na prosesa) na safu kwa kila kori. Kadi ya mtandao ina foleni 8, na zote 8 zinamwaga makatizo yake kori 0. Mistari minane: namba ndefu mwanzoni, halafu sifuri, sifuri, sifuri hadi ukingo wa skrini.

Aliyezima irqbalance, ile huduma inayogawa makatizo, ni mimi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa najaribu jambo jingine, nikasahau kuiwasha. Hilo nalinyamazia kwanza.

Saa 3:30. Siiwashi, nagawa kwa mkono. Faili la numa_node la kadi lina 0, yaani kadi imeunganishwa upande wa soketi ya kwanza, basi foleni zote nazipeleka kwenye kori 8 za upande huo huo. Naandika namba ya kori ndani ya smp_affinity_list ya kila katizo. Ningeiacha irqbalance ikiwa hai, ingepangua kila nilichopanga. Kori 0 inapumua, malalamiko yanakoma.

Saa 4:15. Programu yetu ya kuchambua data bado inanikera. Nikiipa nyuzi 8, yaani mikondo 8 ya kazi inayokwenda sambamba, inamaliza jaribio kwa dakika 11. Nikiipa 16, dakika 11 vilevile. Nyuzi nane zaidi zimefanya nini muda wote huo?

Saa 5:00. `perf top` inaonyesha muda mwingi unaishia kwenye mstari mmoja wa kodi, unaoongeza kaunta kwa moja. Namwita dada aliyeiandika.

"Kaka, hapo hakuna kufuli lolote la kusubirishana," ananiambia. "Kila uzi una kaunta yake. Hakuna anayegusa ya mwenzake."

Ni kweli, kwenye kodi hakuna. Lakini prosesa haisogezi kaunta moja, inasogeza mstari mzima wa kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kori, na kwenye mashine hii mstari ni baiti 64. Kaunta moja ni baiti 8. Kaunta 16 zimepangwa bega kwa bega kwenye safu moja, kwa hiyo nane nane zinakaa mstari mmoja. Kila uzi ukiandika kwenye yake, kori nyingine zinanyang'anywa nakala zao za mstari huo na kulazimika kuuomba upya. `perf c2c` inatuonyesha mstari wenyewe, umegombaniwa na nyuzi nane. Anautazama kimya, kisha anacheka. Anaongeza `alignas(64)`, kila kaunta inapata mstari wake. Safu iliyokuwa baiti 128 sasa ni 1,024. Kumbukumbu kiasi hicho si hasara. Jaribio la nyuzi 16: dakika 7.

Saa 7:30 mchana. Hapa naharibu. Nafunga programu nzima kwenye soketi ya kwanza kwa `numactl`, na papo hapo nabadilisha gavana ya kasi ya prosesa kuwa performance, yaani kasi ya juu muda wote. Jaribio linapanda hadi dakika 9. Kipi kimeharibu? Sijui, maana nimegusa viwili kwa pamoja kama mwanafunzi. Narudisha vyote, naanza upya, kimoja kimoja. Gavana haina hatia. Kosa ni kuzirundika nyuzi 16 upande ule ule ambao kori 8 tayari zinahudumia kadi.

Saa 8:40. Wakati jaribio linazunguka nakumbuka kwamba hata kerneli, kiini cha Linux, ilipita njia hii. Linux 2.0 ya 1996 ilianza kutumia prosesa nyingi kwa kufuli moja kubwa la kerneli nzima, na kufuli hilo halikuondoka kabisa hadi toleo la 2.6.39, mwaka 2011. Miaka 15! Na hesabu ya Amdahl, ya kikomo cha kasi ya kazi iliyogawanywa, haina huruma: ikiwa asilimia 5 ya kazi haigawanyiki, kori 32 zinakupa kasi mara 12 na nusu hivi, basi.

Saa 9:30. `numactl --hardware`: umbali wa kumbukumbu ya upande wako ni 10, wa jirani 21. Jedwali letu kubwa hujazwa na uzi mmoja mwanzoni, na Linux huweka kila ukurasa wa kumbukumbu upande wa kori iliyougusa kwanza. Jedwali lote liko soketi moja. Nusu ya nyuzi zinalifuata ng'ambo. Naanzisha programu kwa `--interleave=all`, inayotawanya kurasa pande zote mbili. Dakika 6 kasoro. Kodi haijaguswa.

Saa 10:45. Vilivyoandikwa ndani ya /proc hufutika mashine ikizimwa, kwa hiyo naviweka kwenye skripti ya kuwashia. Nawasha upya, nafungua /proc/interrupts kwa mbwembwe. Kori 0 imejaa tena. Foleni ya kwanza ya kadi ilikuwa katizo namba 124, sasa ni 131, na skripti yangu imeandikwa 124.

Navuta kiti. Skripti itafute kwa jina la kadi.