Komwe Tano Kutoka Kwenye Kapu

Mwaka wangu wa mwanzo wa kusomesha watoto wa maandalizi hapa Pemba, nililionea fahari darasa langu kwa sababu karibu watoto wote waliweza kuhesabu hadi 100 kwa pamoja na kwa mahadhi, kama wanavyosoma katika chuo cha Kurani. Siku moja nilimwita msichana wa miaka mitano, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaongoza wenzake, nikamwomba aniletee komwe tano, zile mbegu za kuchezea bao, kutoka kwenye kapu. Alikwenda mbio, akachota viganja viwili, akanikabidhi kwa furaha. Zilikuwa kumi na tatu. Nikamwambia azihesabu, naye akaanza vizuri, lakini mdomo ulikwenda haraka kuliko kidole, akafika ishirini kabla ya kuimaliza safu. Nilimpunguzia zikabaki nne, akazihesabu sawasawa, lakini nilipomuuliza, "Kwa hivyo ziko ngapi?" hakunijibu nne, bali alianza tena: moja, mbili, tatu.

Mtoto yule hakuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa katika usomeshaji wangu. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walieleza mwaka 1978 kuwa ndani ya kuhesabu mna kanuni tano: kila kitu kipewe namba moja tu, namba zifuatane kwa mpango usiobadilika, namba ya mwisho iwe ndiyo jumla ya vitu vyote, chochote kinaweza kuhesabiwa, na inajuzu kuanzia upande wowote. Mimi nilikuwa nimesomesha kanuni ya pili peke yake. Wimbo wa namba una faida yake na sijauacha, lakini mtoto anaweza kuuimba mwaka mzima bila ya kujua kwamba "tano" ni idadi.

Tangu hapo sianzi kwa kumwambia mtoto "hesabu". Naanza kwa kumwambia "nipe". Nipe komwe moja, nipe mbili. Kwa wiki kadhaa sivuki tatu, kwa sababu watoto wadogo huzijua idadi hizi moja baada ya nyingine, na baina ya kuijua mbili na kuijua tatu huweza kupita miezi. Mwalimu mwenye pupa huona kwamba anapoteza wakati, nami nasema kwa yakini kuwa huo ndio wakati unaolipa zaidi katika mwaka wote. Kisha tunapanga vifuu vya nazi juu ya jamvi, na kila kifuu kinatiwa komwe moja, hata mtoto aone kwa macho yake kuwa hakuna kifuu kilichokosa wala kilichopata mbili. Watoto wetu wengi wameshawaona babu zao wakicheza bao, na mkono unaodondosha kete moja moja katika mashimo tayari unaifanya kazi hii.

Liko jambo la lugha yetu ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Tunapoimba namba tunasema moja, mbili, tatu, lakini tunapotaja vitu namba hubadilika: watoto wawili, vifuu viwili, maembe mawili. Kwa mtoto wa miaka minne, "viwili" na "mbili" si lazima ziwe kitu kimoja. Ndiyo maana naanza na vitu kama komwe, karafuu na ndizi, ambavyo namba zake hutajwa vile vile zinavyoimbwa, na vifuu vinafuata baadaye. Mtoto mmoja aliwahi kunihesabia kwa uangalifu mkubwa, "vinne, vitano, visita, visaba." Mwenziwe alicheka, nikamzuia, kwa sababu aliyesema "visita" alikuwa ameifahamu kanuni ya lugha yake, kilichobaki ni kumzoesha kusikia kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, ilhali nane hubadilika.

Katika kumi lugha yetu inatusaidia sana. Wapo wazee wanaotaka watoto waanze na namba za Kiingereza, na nawaelewa, lakini neno la Kiingereza la kumi na moja halimwonyeshi mtoto kumi wala moja, kama vile edashara na thenashara za mabibi zetu zisivyomwonyesha. "Kumi na mbili" inajieleza yenyewe. Tunachukua chelewa za ufagio, tunazikata ziwe sawa, tunafunga kumi kwa uzi, kisha tunaweka mbili kando ya fungu. Ugumu unakuja kwenye ishirini, maana ndani yake husikii mbili, wala ndani ya thelathini husikii tatu. Hapo mafungu ya chelewa hufanya kazi ambayo neno haliwezi. Kwenye sitini, sabini na tisini sikio hupata nafuu tena.

Vipimo na maumbo havinitaabishi, kwani kibaba na pishi vipo majumbani, na mtoto akimimina vibaba vinne vya mchanga ndani ya pishi ameshasoma. Mkeka wenye miyaa ya rangi unatosha kwa mafunzo ya mpangilio.

Lililo zito ni madaftari. Mama mmoja alinijia mlangoni akiwa na huzuni ya kweli, akaniambia, "Mwalimu, huu mwezi wa tatu na mwanangu hajaandika hata ukurasa mmoja." Nilimkaribisha ndani, nikamwita mwanawe, nikapanga komwe saba zikiwa zimebanana, akazihesabu. Kisha nikazitawanya mbele yake mpaka safu ikawa ndefu kama mkono wangu, nikamuuliza sasa ziko ngapi. Mwezi uliopita angelisema zimezidi. Safari hii hakuzigusa.

"Saba," alisema. "Umezitawanya tu, Mwalimu."

Mama yake akainama, akazihesabu mwenyewe kwa kidole, akianzia upande wa pili.