Madonda Matatu ya Vitz

Masika yalikuwa yanaelekea ukingoni pale mwalimu mmoja wa sekondari alipoingiza Vitz yake ya silva kwenye uwanja wetu wa kupulizia rangi, Dar es Salaam. Alikuja na kijana wake wa chuo, mkononi kashika mkebe wa rangi ya kupuliza kutoka Kariakoo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, baba. Karibuni."

"Fundi, huyu mwanangu anasema nisitoe hela, atapiga rangi mwenyewe nyumbani," mwalimu alisema. "Nimemwambia tupite kwako kwanza."

Gari lilikuwa na madonda matatu: mkwaruzo mrefu mlangoni ulioachwa na bajaji, kona ya bampa ya nyuma iliyochubuka mpaka plastiki nyeusi, na malengelenge ya kutu juu ya tao la tairi la nyuma, upande wa mfuniko wa mafuta. Mwalimu alidhani kubwa kuliko yote ni mlango, kwa sababu ndio unaoonekana kutoka mbali. Karibu kila mteja huanza hivyo, anapima kwa urefu wakati kinachoamua ni kina.

Nikachukua kopo la maji, nikamwagia mlango. Mkwaruzo ukapotea, ukarudi ulipokauka. Nikapitisha ukucha juu yake, haukunasa. Maana yake umeishia kwenye klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo kwenye gari la kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 au 50 hivi. Ukucha ungenasa, au ungeonekana mstari wa kijivu cha praima, ile rangi ya msingi ya chini, hata ukiwa umelowa, hapo hakuna polishi ya kuuondoa.

"Huu ni wako," nikamwambia kijana. Kazi yenyewe ni hii: osha kwa sabuni mpaka mchanga uishe kabisa, maana chembe moja chini ya msasa inachora mkwaruzo mwingine. Loweka msasa wa maji namba 2000, ufunge kwenye kipande cha raba, wala usiubonyeze kwa ncha za vidole, kwa sababu vidole vinachimba mifereji. Sugua kwa mkono mwepesi upande mmoja, ukifuta mara kwa mara uone mkwaruzo umebaki kiasi gani. Maji yanayotiririka yawe meupe kama ya wali, hiyo ni klia inayoondoka. Kwenye gari la silva, yakianza kugeuka kijivu chenye kumetameta, simama hapo hapo, umeshaifikia rangi. Kwenye mikunjo ya mlango usipitishe msasa kabisa, pale klia ni nyembamba na hutoboka haraka. Paneli ikishafifia sawasawa, ingia na kampaundi, ile dawa ya kusugulia alama za msasa, kwa sponji, kivulini, bati likiwa limepoa, kisha polishi. Ukilifanyia juani, kampaundi inakaukia juu na kuacha madoa.

Kijana akainua mkebe wake. "Na hii silva, fundi?"

Nikafungua boneti, nikamwonyesha kibati cha kiwandani penye herufi C/TR, yaani namba ya rangi na ya mapambo ya ndani. Pameandikwa 1F7. Toyota wana silva zaidi ya moja, na mkebe ulioandikwa silva tu haujui gari lako ni lipi. Lingekuwa jeupe la 040, lile la kawaida lisilo na mng'ao wa lulu, ningekuwa mpole zaidi, maana jeupe halina chembe za metaliki. Silva ina chembe za alumini, na chembe hizo hulala kufuatana na mkono wa mpulizaji. Ukipuliza rangi ya maji mengi, zinazama na kusimama ovyo, rangi inaonekana nzito. Ukipuliza kavu, kutoka mbali, zinalala bapa juu, inang'aa kupita jirani yake. Rangi ileile, kopo lilelile, milango miwili tofauti. Mafundi wengi wa barabarani wanashindwa hapo, si kijana peke yake.

Kwa bampa nilimwachia mwalimu achague. Bampa ni plastiki, na kwenye magari mengi hata ikitoka kiwandani haifanani na bati kwa asilimia mia, kwa hiyo jicho huisamehe. Chubuko lilikuwa chini, kwenye kona. Kama akichanganyiwa rangi kwa namba 1F7 na kutiliwa kwenye mkebe, kijana angeweza kulifanya: msasa 320 kulainisha kingo, 600 kumalizia, kufuta mafuta, praima ya plastiki safu nyembamba, halafu rangi safu mbili tatu kwa umbali wa sentimita 25 hivi, akiacha dakika kumi kati ya safu na safu. Asiyepitisha praima ya plastiki ataiona rangi ikibanduka kwa vipande, mara nyingi siku ya kwanza ya mashine ya presha. Na asiguse bampa ile na dawa ya kung'arisha matairi kabla ya kupuliza. Silikoni yake ikibaki, rangi inajikunja na kuacha vishimo kama macho ya samaki, na ukiongeza safu juu yake, vishimo vinabaki palepale.

Kutu ndiyo ilinifanya nikatae. Nikachukua bisibisi bapa, nikabonyeza lengelenge moja. Ilizama. Ndani ya ukingo wa tao kulikuwa na tope la siku nyingi, lenye unyevu, na bati limeoza kutokea nyuma kuja mbele. Unachokiona nje ni mwisho wa ugonjwa. Hapo puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde, haifai hata ipakwe na nani, kwa sababu puti inanyonya maji. Lazima bati bovu likatwe mpaka lile zima, lichomewe kipande kipya, lipigwe praima ya epoksi, na nyuma lizibwe kwa dawa ya kuzuia kutu. Puti inakuja juu ya hapo, nyembamba, kwa kusawazisha tu.

Kijana alikuwa ameshanunua na puti. Nikamuuliza angetia hadina, ile dawa ya kuigandisha, kiasi gani. "Mpaka igeuke pinki," akasema. Kipimo ni kama gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Ikipungua, puti inabaki inanata na kuziba msasa. Ikizidi, inaganda ubaoni hujafika kwenye gari, hasa kwa joto letu, na ile ziada hupanda baadaye kupitia rangi ikaacha doa la manjano. Halafu wengi wanaisugua kwa maji, wakati puti husuguliwa kavu.

Kulikuwa na mambo mengine mawili upande ule. Paneli ya nyuma ya Vitz haina kiungo, inapanda na nguzo mpaka kwenye paa, kwa hiyo klia haina pa kuishia isipokuwa fundi ajue kuififisha kwenye nguzo kwa thina yake maalumu. Pia klia ya kawaida ya mkebe haina hadina, petroli ikidondokea inalainika. Pale chini ya mfuniko wa mafuta isingedumu. Klia yenye hadina, ile ya mbili kwa moja, inavumilia, ila mvuke wake una isosaineti, ambayo huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Siwezi kumruhusu kijana wa watu aipulizie uani nyumbani, ndugu zake wakiwa ndani.

"Kwa hiyo nikuachie gari lote?" mwalimu akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Mlango mpeleke nao nyumbani. Bampa mkipenda. Mimi niachie paneli ya nyuma, na tusubiri mvua zikatike." Kwenye unyevu mkubwa klia inaweza kupata ukungu mweupe, na sisi hatukuwa na oveni. Nikamwambia pia kwamba popote atakapopeleka, kwetu au kwingine, aombe mambo matatu: apigiwe simu bati likishakatwa na kabla halijazibwa, aone kadi ya majaribio ya rangi juani na kivulini, na taa ya nyuma ivuliwe badala ya kuzungushiwa karatasi ya gundi, kwani rangi hubanduka kuanzia pembeni pale.

Kijana akauliza kama anaweza kuanza yeye kukwangua kutu ili kupunguza gharama. Nikamkatalia. Fundi akikuta puti ya mtu mwingine anaikwangua yote, na muda huo unalipia. Kama anataka kupunguza gharama, avue taa na plastiki ya ndani ya tao, aoshe tope lote, alete gari likiwa kavu.

Waliporudi Juni, taa ilikuwa kwenye mfuko, skrubu zake zimefungwa kwenye karatasi. Mlango uling'aa vizuri, isipokuwa karibu na kitasa ambako hakufika na sponji.