Mrabaha wa dhahabu: asilimia 6 ya nini hasa?

Kila soko la madini Tanzania, kuanzia Geita ambako la kwanza lilifunguliwa Machi 2019, lalamiko ni lilelile: "Serikali inakata nyingi." Asilimia zenyewe zinajulikana, zimo kwenye sheria, na hakuna afisa anayezibadili mezani. Fedha ya mchimbaji mdogo mara nyingi hupotelea kwenye tarakimu tatu zinazotangulia asilimia hizo, yaani uzito, usafi na bei. Hizo ndizo za kukodolea macho.

Tuanze na makato. Mrabaha, yaani malipo kwa Serikali kwa madini yaliyochimbwa, kwa dhahabu ni asilimia 6 tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017. Kabla ya hapo ulikuwa 4. Juu yake kuna ada ya ukaguzi asilimia 1, na ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Jumla 7.3. Vito ghafi navyo ni asilimia 6, vikishakatwa na kung'arishwa ni 1.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mrabaha hukatwa kwenye thamani ghafi. Dizeli, baruti, karasha (mashine ya kusaga mawe), posho za vijana wa kwenye duara (shimo la kuchimbia), hakuna kinachotolewa kwanza. Zamani, chini ya sheria ya 1998, migodi iliruhusiwa kuondoa baadhi ya gharama kabla ya hesabu. Sheria ya 2010 ilifuta hilo. Kwa hiyo hata mwezi uliochimba kwa hasara, mrabaha uko palepale. Anayepanga mgao na wenzake bila kulikumbuka hili anatafuta ugomvi: toeni 7.3 kwanza, kisha gharama, kinachobaki ndicho mgawane.

Sasa tuchukue kipande cha gramu 120 chenye usafi wa asilimia 91.5. Dhahabu halisi ni 120 × 0.915 = gramu 109.8. Tuseme bei ya siku ni shilingi 250,000 kwa gramu (ni mfano tu, angalia bei elekezi ya siku yako). Thamani ni 27,450,000. Mrabaha 1,647,000, ukaguzi 274,500, halmashauri 82,350. Makato hayo matatu ni 2,003,850.

Kipande hichohicho, mpimaji akikosea kidogo tu, kinakupoteza zaidi ya nusu ya makato hayo. Chukua kipimo cha maji ambacho madalali wengi hukitumia. Unapima kipande kikiwa kikavu, halafu unakipima kikining'inia ndani ya maji, na tofauti ndiyo inayoonyesha uzito wake kwa ujazo, ambao ndio unaotumika kukadiria usafi. Chetu, kama kilichochanganyika na dhahabu ni madini ya fedha, kinapaswa kupungua takriban gramu 6.66 majini. Ikiwa ndani kuna matundu ya hewa kwa sababu kiliyeyushwa harakaharaka, au kimeshika mapovu kwa nje, kitapungua labda 6.86. Tofauti ni gramu 0.2. Lakini usafi unaosomeka utashuka kutoka 91.5 hadi chini ya 88, na hapo zaidi ya gramu 4 za dhahabu halisi zimefutika kwenye karatasi. Kwa bei yetu ya mfano hiyo ni zaidi ya milioni moja, na haikwenda serikalini wala kwako.

Dawa yake ni kuyeyusha vizuri kwa boraksi (unga wa kuondoa uchafu) ya kutosha, kuacha uji wa dhahabu utulie kabla ya kumimina, na kugongagonga kipande ndani ya maji ili mapovu yatoke kabla ya kusoma mizani.

Mashine ya mionzi ya kupima usafi iliyopo sokoni ni bora zaidi, ila nayo ina tabia yake: inasoma ngozi ya juu tu, unene mdogo kuliko unywele. Kipande chenye mabaki ya boraksi au weusi wa moto kitasomeka vibaya. Omba kipigwe msasa kidogo, kisomwe pande zote mbili na pembeni, kisha ichukuliwe wastani. Ni haki yako kuomba, na haichukui dakika tano. Usipeleke dhahabu iliyochomwa tu kutoka kwenye zebaki bila kuyeyushwa. Ndani bado kuna zebaki ya asilimia kadhaa, uzito utashuka mbele ya macho yako kwenye tanuri la soko na utadhani umeibiwa.

Kwenye bei, kosa la kawaida ni la wakia. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya dhahabu, gramu 31.1035, siyo ile ya kupimia vyakula ya gramu 28.35. Ukigawa kwa 28.35 utapata bei ya gramu iliyozidi kwa karibu asilimia 10, na utamgombeza mnunuzi asiye na kosa.

Kuna na wanaokubaliana na mnunuzi kuandika bei ndogo ili mrabaha upungue. Msifanye hivyo. Sheria inaipa Serikali uwezo wa kuikataa thamani iliyo chini mno, au kuyanunua madini yenyewe kwa bei hiyohiyo ndogo.

Kwa wauzaji nje, tangu Oktoba 2024 angalau asilimia 20 ya dhahabu inapaswa kutengwa isafishwe na kuuzwa nchini. Inayouzwa Benki Kuu kupitia viwanda vya kusafisha hulipiwa mrabaha wa asilimia 4, na ada ya ukaguzi haitozwi. Kwa kipande chetu hiyo ni nafuu ya shilingi 823,500. Hata muuzaji mdogo inafaa aulize dhahabu yake inaelekea wapi, ili nafuu hiyo isiishie mfukoni mwa mnunuzi peke yake.

Wenye vati (matangi ya kuchenjulia dhahabu kwa kemikali) nao wakumbuke kwamba kaboni iliyobeba dhahabu, yaani mkaa ulioinasa, haihamishwi kwenda mtambo wa kuchenjulia bila kibali cha Afisa Madini Mkazi na lakiri (kifungo cha muhuri) kwenye mifuko. Lakiri ikikatika njiani, simamisha gari, piga simu ofisini, usifunge upya mwenyewe.

Mwisho wa yote ni malipo kwa kontroli namba, yaani namba ya kulipia Serikali. Kabla ya kuondoka dirishani soma nyaraka mstari kwa mstari: uzito, usafi, bei, jumla, na zaidi namba ya leseni. Iwe ni ya eneo mawe yalikotoka, siyo ya rafiki aliyekuja nawe sokoni. Mauzo yakiandikwa kwa leseni ya mwingine, yako itaonekana haizalishi kitu, na siku ya kuihuisha utaulizwa dhahabu ilikwenda wapi. Kosa hilo husahihishwa kwa urahisi siku hiyohiyo, mnunuzi na kipande vikiwa bado vipo.