Meli ya kitalii huzeekea ndani ya mabomba

Usiku wa tarehe 3 Agosti 1991, nje ya pwani ya Afrika Kusini, maji ya bahari yaliingia katika chumba cha jenereta cha meli ya kitalii Oceanos. Umeme ukakatika, injini zikazima. Ukuta usiopitisha maji ulitakiwa kuyabana maji yale yaishie humo humo. Lakini ukuta huo ulikuwa na tundu la upana wa sentimita 10 hivi, na upande wa pili kulikuwa na tangi la maji ya vyooni ambalo valvu zake za kuzuia maji yasirudi nyuma zilikuwa zimefunguliwa kwa matengenezo, hazijarudishwa. Maji yakajaza tangi, yakapanda kwenye mabomba, yakaibukia vyooni na mabafuni kwenye sitaha za juu. Siku ya pili yake meli ikazama. Watu wote 571 waliokolewa, zaidi ya 200 kati yao kwa helikopta na wengine kwa mashua za uokoaji.

Meli hiyo ilishushwa majini Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1952 ikiitwa Jean Laborde, ya safari za Marseille hadi Madagaska na Morisi. Ilikuwa na umri wa karibu miaka 40. Lakini umri haukuizamisha. Ilizamishwa na kazi iliyoachwa nusu. Ndiyo maana mtu akiuliza kama meli ya miaka 25 au 30 ni salama, mwaka wa kuundwa ni swali la mwisho. La kwanza ni nini kilifanyika ilipopanda chelezoni, yaani mahali meli inapotolewa majini ili itengenezwe, mara ya mwisho, hasa sehemu ambazo abiria hawazioni.

Kanuni za kimataifa haziilegezei meli ya abiria. Cheti chake cha usalama hudumu miezi 12 tu. Sehemu ya chini ya meli hukaguliwa kila mwaka, na katika kila miaka 5 ni lazima ipandishwe chelezoni angalau mara mbili, bila kupisha zaidi ya miezi 36 kati ya mara moja na nyingine. Miaka mingine wapiga mbizi hutosha. Kwa kawaida kazi ya chelezoni huchukua wiki mbili hivi, kwa sababu kila siku meli ikiwa imekaa, tiketi hazikatwi. Ndani ya wiki hizo mbili hugombania nafasi mafundi wa mazulia, wa vyuma, wa umeme, wa rangi na wa jikoni, mara nyingi zaidi ya elfu moja kwa pamoja. Mazulia yana tarehe ya kutangazwa kwa wateja. Mabomba hayana. Muda ukibana, kazi inayosukumwa mbele hadi chelezo kijacho ni ile isiyo na picha.

Tuanze na chuma. Maji yakishamalizika chelezoni, ganda la meli huoshwa mara moja kwa maji baridi yasiyo na chumvi yenye msukumo mkubwa, kabla chaza na majani hayajakaukia. Kisha hupimwa unene wa mabamba kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, maelfu ya nukta, na kila nukta hulinganishwa na unene wa siku meli ilipoundwa. Vyama vya uainishaji, yaani mashirika yanayokagua na kuthibitisha uimara wa meli, huvumilia upungufu wa kati ya asilimia 20 na 30, kutegemea sehemu. Bamba la milimita 12 lililobaki 9 limekwisha robo yake. Hapo fundi hukata kipande kizima na kuunga kipya. Kulibandika bamba juu ya bamba ni kuficha kidonda, maana kutu huendelea katikati ya mabamba hayo mawili, mahali ambapo kipimo hakifiki.

Wengi hudhani chuma huoza zaidi chini, kinapogusana na bahari. Kumbe chini kuna rangi nzito na vipande vya zinki au alumini vinavyoliwa badala ya chuma. Penye ubaya ni ndani: chini ya vigae vya jikoni, chini ya mabafu, kwenye vizingiti vya madirisha, na chini ya saruji laini ya roshani. Maji ya kuoshea sakafu hupenya kwenye ufa wa kigae, hukaa juu ya bamba lisilopata hewa, na kila siku huongezwa mengine yenye chumvi, mafuta na sabuni. Ukiinua kigae unakuta kutu inayobanduka kama maganda ya mkate uliokauka, tabaka juu ya tabaka. Ukarabati wa kweli wa jiko ni kung'oa vigae vyote na kupima bamba. Ukarabati wa uongo ni kubadilisha majiko na kusugua vigae vilevile.

Rangi nayo ina masharti yake. Chuma kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikishukia huanza kutoa umande), na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Ukipaka nje ya masharti hayo, umande usioonekana kwa macho hukaa kati ya chuma na rangi, na miezi michache baadaye rangi huvimba malengelenge. Mwaka 2008 rangi zenye TBT, sumu ya kuua viumbe vinavyonata kwenye ganda, zilipigwa marufuku duniani. Wengi sasa hutumia rangi laini za silikoni, ambazo viumbe vya bahari hushindwa kuzishika meli ikitembea. Meli ikikaa bandarini wiki nyingi hazisaidii sana.

Sasa mabomba.

Vyoo vya meli huvuta kwa hewa, si kwa maji mengi. Mkojo na madini ya maji huacha ukoko mweupe mgumu ndani ya bomba, na bomba la milimita 50 laweza kubaki na njia ya kupitisha kidole gumba. Ndipo sitaha nzima hukosa vyoo asubuhi abiria wote wanapoamka. Dawa ni kuzungusha tindikali ya kuondoa ukoko kwa ratiba, si kungoja kuziba, na pale ambapo bomba limeshakonda, kulitoa lote. Hatari ya tindikali kwenye mabomba ya zamani ni kwamba mara nyingine ukoko wenyewe ndio ulioziba tundu. Ukiuyeyusha, bomba linavuja. Kwa hiyo chunguza unene kwanza, safisha baadaye.

Mabomba ya maji ya bahari hutoboka kwenye viwiko, maji yanapopinda. Mabomba ya shaba na nikeli ni mazuri mno, lakini mwendo wa maji ukizidi mita 3 na kitu kwa sekunde, huanza kuliwa upande wa nje wa kiwiko. Mara nyingi chanzo ni pampu mpya yenye nguvu zaidi iliyofungwa kwenye mabomba ya zamani. Likitoboka baharini, injinia hufunga kibano chenye mpira, na hana kosa, maana hiyo ni huduma ya kwanza. Kosa ni kibano hicho kukutwa chelezoni, kikapakwa rangi juu yake na kuachwa. Anayetaka kujua hali ya meli kuukuu ateremke chumba cha injini ahesabu vibano vilivyopakwa rangi.

Tangu 1 Januari 2020 mafuta ya meli hayaruhusiwi kuwa na salfa zaidi ya asilimia 0.50, isipokuwa meli iwe na mtambo wa kuosha moshi. Meli nyingi kuukuu zilifungwa mitambo hiyo. Maji yanayotoka humo ni tindikali kali, na mahali pa kuchunga ni kipande cha bomba kilicho kati ya valvu ya mwisho na ganda la meli. Kikiwa cha chuma cha kawaida, au rangi yake ya ndani imekwanguka, hutoboka upesi, na hakuna valvu ya kukizuia kwa kuwa chenyewe kiko nje ya valvu. Hapo maji ya bahari huingia moja kwa moja. Kipande hicho kiwe cha chuma kinene zaidi, kipakwe vizuri, na kipimwe kila mwaka.

Mabomba ya maji ya kuoga yana hatari ya aina nyingine. Vyumba vikivunjwa na kupangwa upya, mafundi hukata bomba la bafu la zamani na kuliziba mwisho, wakaendelea. Kipande hicho kinabaki na maji yasiyotembea, yenye uvuguvugu. Bakteria wa Legionella hupenda hapo hapo, na mtu huwavuta kwa mvuke wa bafu hadi mapafuni. Kanuni ni rahisi: tangi la maji ya moto lisishuke chini ya nyuzi 60, bombani yafike na angalau nyuzi 50, na kila bomba lisilotumika likatwe pale pale linapochipukia kwenye bomba kuu. Lakini kazi hiyo ya mwisho humlazimu fundi kuvunja dari ya korido, na dari imeshapakwa rangi.

Moto ndio adui mkubwa kuliko maji. Tarehe 10 Februari 2013 Carnival Triumph, meli ya mwaka 1999, ilipoteza umeme kwenye Ghuba ya Meksiko kwa sababu bomba moja la mpira la kupitisha mafuta ya jenereta lilivuja na mafuta yakagusa penye moto. Abiria walikaa siku kadhaa bila vyoo mpaka ilipokokotwa hadi Mobile, Alabama. Mwaka mmoja kabla, tarehe 27 Februari 2012, moto uliwaka kwenye chumba cha jenereta cha Costa Allegra kusini-magharibi mwa Shelisheli. Meli ile iliundwa mwaka 1969 kuwa ya makontena, ikageuzwa ya kitalii baadaye. Ilikokotwa hadi Mahé na meli ya Kifaransa ya uvuvi wa jodari, abiria wakilala nje sitahani kwa sababu ya joto. Haikurudi tena kazini. Ilikwenda kukatwakatwa Uturuki.

Kwa hiyo mabomba yote ya mpira ya mafuta yabadilishwe kwa tarehe, hata kama yanaonekana mazima. Mabomba ya mafuta ya msukumo mkubwa yawe ya kuta mbili, ili la ndani likipasuka mafuta yashuke kwenye chombo chenye king'ora. Kila mahali panapopita nyuzi 220 za joto pafunikwe. Vifuniko hivyo huvuliwa kila injini inapofunguliwa, na vikirudishwa vimelegea, pengo la vidole viwili latosha.

Na matundu tena! Kila ukarabati wa siku hizi huleta intaneti ya kasi, na intaneti huleta nyaya kilomita na kilomita. Fundi hutoboa ukuta wa kuzuia moto, ule uliopimwa kustahimili dakika 60, apitishe waya, na kama hakuna anayemfuata na daftari, huliacha tundu wazi juu ya dari. Meli nzuri huwa na mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu: kila tundu lina namba, picha kabla, picha baada, na saini. Nyaya za zamani nazo zing'olewe. Zikiachwa, huzidisha uzito na kuziba njia.

Uzito si jambo dogo. Tabaka za rangi, vyumba vipya juu, slaidi za maji, bwawa la pili: vyote viko juu, na meli huanza kulemea. Kila baada ya miaka 5 meli ya abiria hupimwa uzito ikiwa tupu. Ukitofautiana na wa zamani kwa zaidi ya asilimia 2, jaribio zima la uthabiti hurudiwa. Meli zikizidi uzito sana, huongezewa mkia wa chuma nyuma kwenye usawa wa maji ili zielee kwa kifua kipana zaidi. Ukiona meli kuukuu ina kitako kilichochomoza kama ngazi, sababu mara nyingi ni hiyo.

Wakati mwingine ukarabati mkubwa hulipa kweli. QE2 (Queen Elizabeth 2), meli ya abiria ya Uingereza iliyoanza safari mwaka 1969, ilipelekwa Bremerhaven mwishoni mwa 1986, mitambo yake ya mvuke ikatolewa, ikawekewa injini 9 za dizeli za kuzalisha umeme. Vigurudumu vya ziada vilivyofungwa nyuma ya rafadha zake (mapanga ya kuisukuma meli) vilivunjika mabawa kwenye majaribio, vikaondolewa. Lakini injini zilifanya kazi hadi ilipostaafu mwaka 2008 na kwenda Dubai, iliko hadi leo ikiwa hoteli. Ganda lake lilistahili gharama ile. Enchantment of the Seas ya mwaka 1997 ilikatwa katikati mjini Rotterdam mwaka 2005, ikaungwa kipande cha mita 22. Nyingine hazikustahili: kanuni iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2010 ilikataza meli za zamani zenye kuta na dari za mbao zinazoshika moto, na kubomoa ndani yote kulizidi bei ya meli yenyewe.

Meli isiyokwenda huoza upesi kuliko inayokwenda. Mwaka 2020 meli za kitalii zilipotia nanga kwa sababu ya korona, zilizolindwa vizuri ziliwekewa mashine za kukausha hewa na rafadha zao zilizungushwa kila mara. Grisi ni ulinzi wa kale: Wajerumani walipoizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Goetzen kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 ikiitwa Liemba.

Vijana wa Mombasa, Tanga na Unguja wanaoajiriwa kwenye meli hizi mara nyingi hupandishwa siku chache baada ya meli kutoka chelezoni. Ndugu, siku hiyo ya kwanza inua kigae kimoja cha dari juu ya kitanda chako kama kinafunguka, uone nyaya zinapopita ukutani zimezibwa au la. Palipo wazi, mwandikie afisa wa usalama, usimwambie kwa mdomo tu. Jaribu mlango wa kuzuia moto wa korido yako: ukiuachia ujifunge wenyewe hadi komeo lishike. Na kabla hujaoga, fungua maji ya moto yatiririke dakika kadhaa, mlango wa bafu ukiwa umefungwa na wewe uko nje.