Bustani ya masika inaanzia kiangazi, msisubiri mvua

Mwezi wa nane ndo huu unaisha, upepo na vumbi kila kona, na hapa Tabora ukimwambia mtu aanze kuandaa bustani anakushangaa, mvua si mpaka mwezi wa kumi na moja huko? Ndiyo, na ndo maana nasema tuanze sasa hivi. Mvua ya kwanza ikishapiga kila mtu yuko shambani, kibarua humpati, mwenye samadi anajipangia bei, na wewe ndo kwanza unatafuta mpini wa jembe.

Shida yetu kubwa ni udongo. Viwanja vingi vya hapa mjini ni kichanga kitupu, ukimwaga maji yanazama saa hiyohiyo na mvua kubwa inashuka na chakula chote cha mmea kule chini mizizi isikofika. Unaweza kununua mbolea ya dukani ukamwaga hela, ikinyesha wiki moja hamna kitu. Kichanga kinataka mboji na samadi, basi, kitu cha kushika maji na kushika hiyo mbolea. Halafu mji huu ulivyojaa miembe, kila asubuhi tunafagia majani, tunayakusanya vizuri kabisa pembeni, tunawasha kiberiti! Hili linaniuma kweli, yaani mbolea yako yote inaondoka na moshi inabaki jivu kiganja kimoja. Jamani tuache.

Lundo lenyewe la mboji halina ujuzi mkubwa. Chini weka mabua ya mahindi au vijiti hewa ipite, juu yake majani makavu (ya mwembe ni magumu sana, yakatekate kwanza kwa panga la sivyo yatakaa mwaka mzima), kisha majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi, udongo kidogo, mwagia maji, rudia hivyo mpaka lifike kama mita 1 kwenda juu na upana usipungue hapo, likiwa dogo halipati joto. Funika na nyasi au viroba jua lisilikaushe. Halafu chomeka kijiti kirefu katikati kabisa ukiache humo. Baada ya siku kadhaa kichomoe ukishike kwa mkono: kikiwa cha moto na kina unyevu kazi inaenda, kikitoka kikavu ongeza maji, kikiwa cha baridi geuza lundo lote. Kugeuza kila wiki mbili tatu kunatosha. Ukianza sasa, mwezi wa kumi na moja unachota kitu cheusi, laini, kinanukia kama udongo wa msituni.

Samadi kwa wafugaji ipo, guta moja linabeba viroba vya kutosha, ila mbichi usiipeleke moja kwa moja kwenye mche, inaunguza, na inakuja na mbegu za magugu kibao. Ipitie kwenye lundo kwanza.

Wakati lundo linaiva ndo unachimba matuta. Mwagia maji jioni, asubuhi chimba, futi 2 kama nguvu ipo. Tuta la masika liinuke kidogo maji yasituame, lile la kuzama la kiangazi mvua zikija linageuka bwawa.

Kitu kingine watu wa Tabora tunasahau, nyanya na tumbaku ni ukoo mmoja, na nyanya chungu, biringanya na pilipili zimo humohumo. Kama kiwanja kilikuwa cha tumbaku, au mwaka jana uling'oa nyanya ukakuta mizizi ina vifundovifundo, hiyo ni minyoo ya mizizi, inawasubiri hao ndugu. Hapo weka mchicha au mahindi kwanza. Na mi kwa kweli nyanya katikati ya masika siishauri, baka jani, ule ugonjwa wa kuoza majani, linamaliza zote, bora uipande mvua zikielekea kuisha. Masika ni ya msusa (majani ya maboga), bamia, mlenda, matembele, na kunde, ile ambayo majani yake tunayaanika baadaye kuwa nsansa.

Marando ya matembele yanataka kuokolewa leo, mwezi wa kumi yatakuwa yameshakauka mtaa mzima na utaanza kuomba kwa majirani. Mimi nayatunza nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanapotokea, vipande vichache tu vyenye vifundo vitatu vinne, vinatambaa vyenyewe kiangazi chote na mvua ikija navikata kujaza tuta zima.

Ndugu zangu wa Kigoma nyie mvua inawahi kuliko huku kwetu, kwa hiyo hilo lundo lianzeni wiki hii na mligeuze mara nyingi zaidi, likichelewa kuiva basi tumieni kwanza samadi ya zamani iliyokauka zizini, lundo mtaliweka kwenye awamu ya pili.