Tulivyopima barabara kwa futi ya fundi

Bango la mradi lilikuwa limepigiliwa upande wa ndani wa mabati, likitazama kokoto. Nililiona siku lango lilipoachwa wazi lori la mchanga lipite: ghorofa 12, kwenye kiwanja kilichokuwa na nyumba moja na mwembe. Nikapiga picha papo hapo.

Majirani walitaka tufunge barabara. Hata mimi nilikuwa na hasira, ila mtaa wa pili walichoma matairi na jengo likaisha vilevile. Nikaketi na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hapa Kenya, anayeomba kibali cha kujenga lazima aujulishe umma na kualika pingamizi. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti, kisha kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizo huanza kuhesabiwa uamuzi unapotolewa, si jirani anapousikia. Ningepewa kalamu niirekebishe sheria hii, ningeanzia hapo.

Tuliomba michoro ya jengo kwanza, kwenye ofisi ya kaunti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Kijana wa mapokezi aliitazama barua, akasema, "Mama, acha tu hapa, tutakupigia."

"Nangoja muhuri kwenye nakala yangu, kijana wangu."

Niliungoja karibu saa mbili, kwenye kiti chenye mguu mbovu. Wiki ya tatu walipodai hatukuandika chochote, niliitoa ile nakala yenye muhuri wa zambarau. Michoro ikapatikana siku hiyohiyo.

Ilionyesha barabara ya mita 9 mbele ya jengo. Jirani yetu fundi bomba alicheka hadi akakohoa. Tukatoka na futi yake, mtoto mmoja akashika ncha, tukasoma: mita 6, ukuta hadi ukuta. Bomba la majitaka nalo hufurika kila mvua ikinyesha. Yeye mwenyewe ndiye hulizibua.

Kwa hiyo barua yetu ya pingamizi haikusema "hatutaki ghorofa". Maneno hayo niliyafuta mara mbili kwenye rasimu za wenzangu, na wengine walininunia. Ilisema mita 6, si 9, ikaambatana na picha ya futi, picha ya bango, na sahihi 43, kila moja na nambari ya nyumba.

Kikao cha maoni kikaitishwa. Karatasi ya mahudhurio ikazungushwa pamoja na kreti ya soda, na najua karatasi kama hizo huishia wapi: zinageuka ushahidi kwamba wananchi waliafiki. Niliidaka kabla ya jina la kwanza, nikaandika juu kabisa kwa herufi kubwa: KUHUDHURIA SI KUKUBALI. Soda nilikunywa.

Kibali kilitoka kwa ghorofa 6, kwa sharti kwamba mwenye mradi aweke bomba kubwa zaidi. Ghorofa ya nne imeshamwagwa zege na bomba ni lile lile. Barua ya hilo niliipeleka Jumatatu, na nakala yangu imepigwa muhuri.