Leo nimeuvuka ukuta

Wiki ya tatu sasa naamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kwenye ule ukuta wa bloku huku Pasua, Moshi, unaonifika kiunoni. Leo, mlima ukiwa wazi mpaka kileleni, nimeuvuka!

Ni ruko la mwanzo kabisa katika pakuri, ule mchezo wa kuvuka vikwazo ulioanzia Ufaransa. Mkono wa kushoto unashika juu ya ukuta, mguu wa kulia unakanyaga mbali kidogo na mkono, halafu mguu wa kushoto unapita kwenye uwazi wa katikati. Mkono wa kulia unabaki hewani. Hapo ndipo nilipokuwa nakwama: naogopa, naweka mikono yote miwili, mguu unakosa pa kupita, goti linagonga bloku. Jumatano lilivimba, mama akanikanda.

Dogo anayenifundisha akaniambia, "Dada, usiutazame ukuta, tazama unapokwenda kutua." Nikatazama nyasi za ng'ambo. Mguu ukapita! Nikatua na kuendelea kutembea kama vile hapakuwa na kitu.

Nimelia jamani. Kesho naanza upande wa pili, mkono wa kulia.